Tone la Damu kwenye Sikio la Paka

Kazi yenyewe haifiki dakika mbili. Kitambaa huchovywa kwenye maji ya moto, hukamuliwa, kisha hushikizwa kwenye sikio la paka ili mishipa ipanuke. Pamba iliyokunjwa huwekwa upande wa pili wa sikio, kidole cha mshikaji kisije kikatobolewa. Ukingoni kabisa, pale manyoya yanapokwisha na mshipa mwembamba unapopita, sindano ndogo ya kutobolea hugusa mara moja. Tone la damu hujitokeza, stripu hulinyonya, mashine huhesabu sekunde chache na namba ya sukari huonekana. Sikio hubanwa kidogo mpaka damu ikome. Paka hupewa kipande cha kuku wa kuchemsha, na shughuli za nyumba huendelea.

Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wengi wa Uswisi, Uingereza, Australia na Marekani ambao paka wao wana kisukari. Njia hii ya kutoa damu ukingoni mwa sikio ilielezwa mnamo mwaka 2000 na madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Zurich, Claudia Reusch akiwa miongoni mwao, na tangu hapo imetoka hospitalini ikaingia sebuleni. Imeingia pamoja na swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni walikuwa wakilijadili karne nyingi kabla ya stripu ya kwanza kutengenezwa. Paka huyu hajaombwa ruhusa. Hajui sukari ni nini wala kongosho liko wapi. Anachokijua ni mkono anaouamini, na mchomo unaotoka kwenye mkono huohuo. Mtu ana haki gani ya kumtoboa kiumbe asiyeweza kukubali, leo, kesho na keshokutwa, hata kama anamtakia mema?

Swali hili haliwahusu wenye paka peke yao. Linamhusu mama anayempeleka mtoto mchanga kuchanjwa, na mjukuu anayemtunza bibi aliyepoteza kumbukumbu. Lakini kwa paka linakuja likiwa tupu kabisa, kwa sababu mtoto atakua na siku moja ataelewa, na bibi aliwahi kusema anataka nini. Paka hakuwahi kusema, wala hatasema.

Kisukari cha paka kinafanana sana na kile cha aina ya pili kwa binadamu. Mwili huacha kuiitikia insulini ipasavyo, na kongosho nalo hudhoofika. Wanaoandamwa zaidi ni paka wanene, wenye umri mkubwa, madume waliohasiwa na waliotumia dawa za steroidi. Mgonjwa huwa na kiu isiyokatika, hukojoa sana, na hula kwa pupa huku akizidi kukonda. Baadhi yao mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma hudhoofika hadi wakaanza kukanyaga kwa visigino, ilhali paka mzima hutembea kwa vidole.

Dawa yake kuu ni insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku, wengi wakianzia yuniti moja au mbili. Sukari ya paka mwenye afya huwa takriban kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita ya damu. Ikipanda hadi takriban 15, figo hushindwa kuizuia na huanza kutoka na mkojo. Ikishuka chini ya takriban 3, paka hulegea, hupepesuka, huweza kushikwa na degedege na kufa. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi finyu, na anayedunga insulini bila kupima anakisia tu.

Mwaka 2009 watafiti Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliotibiwa kwa insulini ya glargine huku wenyewe wakiwapima nyumbani mara kadhaa kwa siku. Asilimia 64 walifikia hatua ya kutohitaji tena insulini. Kwa walioanza utaratibu huo ndani ya miezi 6 tangu ugonjwa kugunduliwa, kiwango kilikuwa asilimia 84. Ni habari njema, na ndani yake mna tahadhari. Paka ambaye mwili wake unaanza kujiweza, huku bado akidungwa dozi ya mwezi uliopita, yumo hatarini kuuawa na dawa ileile iliyomsaidia. Hawezi kumwambia mtu kwamba leo haihitaji. Habari hiyo imo ndani ya damu, na mtu hawezi kuipata bila kuitoa.

Kuna jambo jingine linalofanya kipimo cha nyumbani kiwe na uzito wa kimaadili. Paka akitiwa kwenye kikapu, akapakiwa garini, akakalishwa kwenye chumba cha kusubiri huku mbwa akibweka pembeni, homoni za hofu hupanda na sukari hupanda nazo. Hata paka asiye na kisukari anaweza kupimwa akakutwa na milimoli 16 kwa sababu ya woga tu. Mashine haijakosea, ila inachokisoma ni hofu. Daktari akiongeza dozi kwa kuitegemea namba hiyo, paka atarudi nyumbani, atatulia, na insulini ya ziada itamshusha kupita kiasi. Kipo kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha wastani wa wiki zilizotangulia, na kinasaidia, lakini hakisemi sukari ilishuka kiasi gani leo mchana. Ukweli wa mwili wa paka unapatikana pale alipo salama, akiwa amelala kwenye mto wake, akishikwa na mtu asiyemwogopa. Mara nyingi watu hudhani kwamba upole ni pambo tu la kazi ya kitabibu. Hapa asiyekuwa mpole hapati hata namba sahihi.

Usahihi wenyewe unadai uangalifu wa aina yake. Vipima sukari vya binadamu mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi ya paka, kwa kuwa kwa paka karibu sukari yote hukaa kwenye maji ya damu, ilhali kwa binadamu sehemu kubwa zaidi huwa ndani ya chembe nyekundu. Kwa hiyo ziko mashine zilizosanifiwa kwa ajili ya wanyama, na anayetumia ya binadamu lazima alijue hilo na amwambie daktari wake wa mifugo.

Lakini swali la haki ya kutoboa bado halijajibiwa. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Descartes aliwaeleza wanyama kama mitambo, na kwa anayekubali hivyo hakuna swali la kujibu, kwani mtambo hauchomwi. Kant alikubali kwamba ukatili kwa wanyama ni uovu, lakini kwa sababu unamzoesha mtu kuwa mkatili kwa watu wenzake. Fundisho hilo linamlinda mwenye paka asiwe na moyo mgumu, ila halielezi ni kwa nini aache kutoboa pale paka anapokataa. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliupeleka mjadala kwenye maumivu: jambo la kuulizwa kuhusu mnyama ni kama anaweza kuteseka, na akili au usemi si kigezo. Peter Singer alilikuza wazo hilo mwaka 1975. Kwa hesabu yao, mchomo mdogo wa sikio ukilinganishwa na kiu ya mchana kutwa ni gharama ndogo, na hapo wana hoja ya kweli.

Wapo wanaoipinga hesabu hiyo kwa hoja nzito. Wanasema binadamu huvumilia sindano kwa sababu anaiona kesho: ana harusi ya binti ya kuhudhuria, shamba la kuvuna, deni la kulipa. Paka anaishi sasa. Kumwumiza sasa kwa ajili ya miaka ambayo yeye hana hata wazo lake ni kumtoza kwa kitu asichokitaka. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, na jibu limo katika ugonjwa wenyewe. Sasa ya paka mwenye kisukari kisichodhibitiwa imejaa kiu, njaa, udhaifu wa miguu na safari zisizoisha za kwenda kukojoa. Mchomo wa asubuhi hauuzwi kwa bei ya mwaka 2030. Unalipwa jioni ileile, pale anapokunywa maji kidogo akarudi kulala. Tena paka ana wakati ujao wa aina yake. Husubiri mlangoni saa ya mtu kurudi, na hukumbuka kuku hukatiwa wapi.

Lakini hesabu ya maumivu, hata ikiwa sahihi, inaacha pengo moja. Haisemi ni nani aliyepewa haki ya kuipiga. Jirani hana haki ya kuingia ndani akamtoboa paka wa mtu, hata kama hesabu yake ni sahihi kuliko ya mwenye nyumba. Haki hiyo lazima iwe na chimbuko, na chimbuko lake linaonekana wazi zaidi katika fiqhi ya Kiislamu kuliko katika vitabu vya Ulaya.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho kwa karne nyingi kimekuwa nguzo ya madhehebu ya Kishafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mlango wake wa nafaka, yaani matunzo ya lazima, unapitia haki za mke, watoto, wazazi na walio chini ya mamlaka ya mtu, na mwisho wake unafika kwa wanyama. Mwenye mnyama ni lazima amlishe na kumnywesha. Akikataa hulazimishwa: mnyama anayeliwa auzwe, alishwe au achinjwe, asiyeliwa auzwe au alishwe. Paka yumo katika kundi la pili. Kisu hakimo kati ya njia alizoachiwa mwenye paka.

Mwanazuoni Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alikwenda mbele zaidi. Alipoorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu, alitaja kwamba mwenye mnyama amgharamie hata akizeeka au akaugua kwa namna ambayo hana faida naye tena. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 750, na yanamgusa moja kwa moja paka wa miaka 12 ambaye hakamati panya, analala tu, na anahitaji sindano mbili kila siku. Faida yake kwa mtu imekwisha. Haki yake haijakwisha.

Kisha kuna hadithi inayojulikana sana, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Kila kipengele cha kisa hicho kina uzito. Mwanamke hakulaumiwa kwa kutokuwa na chakula, wala kwa kutofuga. Dhima ilimshika pale alipomfungia. Mlango ulipofungwa, riziki ya paka ilihama kutoka ardhini ikaingia mikononi mwake.

Paka wa leo wa ghorofani, Zurich au Melbourne, amefungiwa kwa nia njema. Ndani hagongwi na gari. Amehasiwa, na hilo limezuia vizazi vya paka kufa njaa mitaani. Lakini amekatwa mbio zake na mawindo yake, na bakuli la chakula kikavu chenye wanga linakaa wazi mchana na usiku mbele ya mnyama ambaye mwili wake umeumbwa kula nyama. Unene na kuhasiwa, mambo mawili yanayoongeza hatari ya kisukari, yametokana na maamuzi ya binadamu. Kwa kiasi fulani ugonjwa umelelewa na nyumba yenyewe. Anayempima paka wake analipa deni, na hapo ndipo haki ya kushika sindano inapotoka. Tena nafaka katika hali hii haiwezi kuishia kwenye chakula na maji, kwa kuwa kwa mgonjwa huyu chakula kisichopimwa kinadhuru na dawa isiyopimwa inaua. Kujua hali yake ni sehemu ya kumlisha.

Haki inayotokana na deni ina mipaka ya deni hilo. Mchomo unaruhusika kwa ajili ya paka, na kwa ajili yake tu. Yuko mtu mwema anayeamka saa tisa za usiku akampima paka kwa sababu yeye mwenyewe hana usingizi, wala si kwa sababu kuna jambo la kuamua. Huyo anatibu wasiwasi wake kwa damu ya mwingine. Kabla ya kutoboa kuna maswali mawili yanayotosha: namba ikiwa 6 kitafanyika nini, na ikiwa 20 kitafanyika nini? Majibu yakiwa yaleyale, sikio liachwe. Kupima kabla ya kudunga ni halali kwa kigezo hiki, kwa maana namba ya chini inazuia dozi. Siku ambayo daktari ameomba vipimo kila baada ya saa mbili, ili kuona insulini inashusha sukari kiasi gani na lini, ni halali pia. Vihisi vinavyobandikwa kwenye ngozi iliyonyolewa na kusoma sukari hadi siku 14, kama FreeStyle Libre iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, vinaweza kuyapumzisha masikio. Mwishoni mwa 2022 Marekani iliidhinisha bexagliflozin, kidonge cha kwanza cha kisukari cha paka, kinachowafaa baadhi tu, nacho kinadai uangalizi wa karibu kwa sababu ya hatari ya asidi za ketoni kurundikana kwenye damu.

Paka hawezi kukubali, lakini anaweza kukataa, na kukataa kwake kunasomeka. Masikio hulala nyuma, mkia hupigapiga, mwili hukakamaa. Anayemheshimu husimama, humwachia, hujaribu tena baada ya nusu saa. Wengi waliofanya hivyo tangu mwanzo wana paka wanaokuja wenyewe wakisikia sahani ya kuku ikigongwa mezani. Kukataa huko kunapitwa mahali pamoja tu, pale paka anapoanza kupepesuka. Hapo asali au shira hupakwa kwenye ufizi, na daktari hutafutwa mara moja.

Pingamizi lililo zito kuliko yote linahusu watu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili wanaohitaji insulini hawaipati. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo haja ni kinyume cha utu wa binadamu, na papo hapo kwamba haifai kuwatumia fedha ambazo kwanza zingepaswa kuondoa dhiki za watu. Mzazi wa Tabora au Kilifi aliyezunguka maduka matatu ya dawa akitafuta chupa moja ya mtoto wake ana haki ya kuuliza paka ameingiaje hapa.

Jibu la kweli lina pande mbili. Pale chupa ni chache na foleni ni moja, mtoto anatangulia, na anayempenda paka wake kuliko watu wote hana budi kulikubali hilo. Lakini uhaba wenyewe haukuletwa na paka. Kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani, na bei, majokofu na ugavi ndivyo vinavyoamua nani apate. Dozi asiyodungwa paka wa Zurich haifiki Kilifi. Anayeumizwa na habari ya Kilifi ana wa kuwadai: serikali, watengenezaji na wafadhili.

Na insulini yenyewe ina historia isiyomruhusu binadamu kudai kwamba ni yake peke yake. Mwaka 1889, Strasbourg, watafiti von Mering na Minkowski walimtoa mbwa kongosho na kugundua kwamba amepata kisukari. Mwaka 1921, Toronto, Banting na Best walifanya majaribio yao juu ya mbwa, na Januari 1922 Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, akadungwa insulini. Kwa takriban miaka 60 iliyofuata, insulini ya watu ilitolewa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Wanyama hao hawakuombwa ruhusa, na mchomo wao haukuwa kwa faida yao. Kurudisha yuniti mbili kwa mmoja wao ni sehemu ndogo sana ya kinachodaiwa.

Kuna mahali ambapo kupima kunafikia mwisho. Stijn Niessen na wenzake walipowauliza zaidi ya madaktari elfu moja wa wanyama, katika utafiti uliochapishwa 2017, makadirio yao yalikuwa kwamba mnyama mmoja kati ya kumi wenye kisukari hudungwa sindano ya kifo mara ugonjwa unapogunduliwa, na mwingine mmoja ndani ya mwaka. Vitabu vya Kishafi vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Wapo wanazuoni wa leo wanaoruhusu pale maumivu yamekuwa makali na tiba haipo. Mjadala huo ni halali kwa paka ambaye ametibiwa na ameshindikana. Ni vigumu kuuhalalisha kwa yule ambaye sikio lake halijaguswa hata mara moja, ilhali uwezekano wa kupona upo.

Kwa asiyemudu mashine wala stripu, dini haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake, na bado kuna mengi yaliyo ndani ya uwezo. Wali na ugali wa mabaki vinaweza kuondolewa bakulini vikabaki samaki na nyama, kwa kushauriana na daktari, kwa kuwa paka anayedungwa insulini akibadilishiwa chakula dozi nayo hulazimika kupunguzwa. Maji yakimiminwa asubuhi kwa kikombe kinachojulikana ujazo, jioni itaonekana amekunywa kiasi gani. Uzito wake unaweza kupatikana kila wiki kwa mtu kupanda kwenye mizani akiwa amempakata, kisha akapanda peke yake na kutoa tofauti. Namna anavyokanyaga kwa miguu ya nyuma inaonekana kila apitapo sakafuni. Hayo yakiandikwa kwenye daftari na kupelekwa kwa daktari wa mifugo wa wilaya, daktari atakuwa na pa kuanzia.